Mfadhili anamtaka kijana wangu ulingoni, na kichwa bado kinamuuma

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni mkazi wa Kisauni, baba wa watoto wawili, na kazi inayonilisha ni kutengeneza friji na eisi. Lakini mtaani hawanijui kwa friji, wananijua kwa ngumi na mateke. Nilipigana mwenyewe ujanani, goti likanistaafisha mapema, nikaanza kufundisha vijana, kisha nikaingia katika kuandaa mapambano. Hapa kwetu promota wa kikiboksi ndiye kila kitu. Ndiye anayetafuta ukumbi, ndiye anayewapatanisha wapiganaji, ndiye anayebandika mabango, ndiye anayesimama mlangoni na tiketi, na mambo yakiharibika ndiye anayetukanwa.

Nina kijana niliyemlea tangu yuko shule ya msingi. Sasa ana miaka 22. Akipigana yeye ukumbi hujaa, asipokuwepo viti hubaki wazi. Mimi ndiye kocha wake, na mikataba yake pia naisimamia mimi.

Wiki mbili zilizopita alikwenda kupigana Nairobi kwenye shoo ya watu wengine. Raundi ya pili akala teke la kichwa, akaanguka, na akachukua muda kuzinduka. Hospitali walimpiga picha ya kichwa wakasema hakuna damu iliyovuja. Amerudi, anakula, anacheka na wenzake. Ila jioni analalamika kichwa kinamgonga, na taa za tuktuk zinamuumiza macho. Juzi aliniuliza swali lile lile mara mbili, na hatukuwa tumekaa hata dakika kumi.

Sasa shida yenyewe. Wiki tatu kutoka leo nina usiku wa mapambano Tononoka. Tajiri mmoja wa Nyali amekubali kunidhamini kwa Sh300,000, nusu wiki hii na nusu baada ya shoo. Sharti lake ni moja: pambano kuu liwe kijana wangu na mpiganaji kutoka Dar es Salaam. Kijana wangu hupigana kilo 63.5. Yule wa Dar ni wa kilo 67, na nasikia siku za kawaida anapita 70. Tajiri anasema bila pambano hilo hakuna pesa.

Hesabu yangu iko hivi: ukumbi na taa Sh45,000, ulingo pamoja na lori la kuubeba Sh50,000, refa na majaji Sh30,000, daktari na ambulensi Sh25,000, walinzi Sh20,000, matangazo Sh40,000, nauli na malazi ya wageni Sh30,000, malipo ya wapiganaji 16 jumla Sh160,000. Natarajia watu 600 kwa tiketi ya Sh300.

Kijana mwenyewe anataka kupigana. Anadaiwa kodi ya nyumba, na kila siku ananiambia, "Kocha, nimepona." Mamake alikuja kwangu. Hakugomba, aliniuliza tu kama nimeona mwanawe anavyolala mchana kutwa. Mke wangu naye amechoka, anasema hajaona promota wa mateke aliyejenga nyumba. Wenzangu wananiambia wiki tano tangu aanguke ni nyingi, mpiganaji wa kweli hurudi.

Nifanye nini, mama? Na hii kazi ina mbele kweli, au niiache?

Promota, Kisauni


JIBU

Marahaba mwanangu.

Pambano hilo liondoe. Lifute leo, kabla bango halijachapishwa, kabla tuktuk ya spika haijapita Kongowea ikilitaja jina la kijana. Mengine yote tutayazungumza, lakini hili halina mazungumzo.

Nasema hivyo kwa sababu ya mambo uliyoyaandika kwa mkono wako mwenyewe. Kichwa kinagonga jioni, mwangaza unaumiza, usingizi wa mchana, swali lile lile mara mbili. Hizo ni dalili za ubongo uliotikisika na ambao haujatulia. Picha ya hospitali inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani humo kabisa. Wewe ni fundi wa friji. Taa ya ndani ikiwaka huwezi kumwambia mteja kwamba friji ni nzima, maana hujagusa kompresa.

Ubongo ambao haujapona ukipigwa tena, hata kwa pigo dogo, unaweza kuvimba ghafla. Ni jambo la nadra, lakini likitokea huua, na wengi wanaopatwa nalo ni vijana kama huyo wako. Hata lisipotokea hilo, kijana anayechelewa kuona teke kwa sekunde ndogo tu atapigwa mengi zaidi ya kawaida yake. Halafu unataka kumpa mtu mzito kuliko yeye! Kilo 67 ni namba ya mizani tu. Wapiganaji hupimwa, mara nyingi siku moja kabla, kisha hunywa maji na kula. Yule wa Dar atapanda ulingoni akiwa na 70 au zaidi, mbele ya kijana wa 63.5. Kwa mpiganaji mzima wa afya hilo pekee lingenifanya nikunje uso.

Kuhusu hizo wiki tano wanazokuhesabia wenzako. Sheria za ndondi za ridhaa, kwa miaka mingi, zilitaka mtu aliyepigwa nakauti akae nje si chini ya wiki nne. Akipigwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, akae miezi mitatu. Mara tatu ndani ya mwaka, akae mwaka mzima. Wiki nne hizo ni kiwango cha chini kabisa, na ni za kukaa bila kupigwa kichwani hata mazoezini. Basi piga hesabu pamoja nami. Zimepita wiki mbili na dalili bado zipo. Ukimpumzisha kweli wiki mbili nyingine, inabaki moja. Atajiandaa lini? Hakuna kocha anayemwandaa mtu kwa pambano kuu kwa siku saba, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Maana yake ni kwamba, ili apigane tarehe hiyo, lazima aanze kupigwa kichwani gym sasa hivi. Usimruhusu. Aende kwa daktari anayeelewa mambo ya ubongo, na arudi kwa hatua: kutembea, kukimbia polepole, kupiga begi, na kupigana na mwenzake iwe ya mwisho kabisa. Dalili ikirudi katika hatua yoyote, asimame.

Anaposema "nimepona", kumbuka nani anayesema na kwa nini. Anadaiwa kodi. Mtu mwenye njaa na deni hana uhuru wa kukataa, na ndiyo maana anahitaji mtu mwingine wa kukataa kwa niaba yake. Mtu huyo angekuwa meneja wake. Lakini meneja wake ni wewe, na wewe ndiye unayehitaji viti vijae. Hapo ndipo fundo lilipo, mwanangu, na sisemi kwamba wewe ni mtu mbaya. Barua yako inaonyesha unampenda. Ila kocha anataka mwanafunzi apone, meneja anataka alipwe vizuri, na promota anataka amlipe kidogo na amweke kwenye bango. Mtu mmoja akivaa kofia zote tatu, ile ya mlangoni ndiyo itakayoshinda siku ambayo pesa ni chache. Marekani waliliona hili katika ndondi, na sheria ya mwaka 2000 iliyopewa jina la Muhammad Ali inamkataza promota kuwa na maslahi ya kifedha katika umeneja wa bondia. Hapa Mombasa si lazima usubiri sheria kama hiyo. Baki kocha wake na promota ukitaka, lakini umeneja mwachie mtu mwingine: mjomba wake, mwalimu wake wa zamani, mtu yeyote anayejua kusoma mkataba na ambaye hakuogopi.

Sasa tuzungumze na huyo tajiri. Usimpigie simu. Nenda ukamwone, na usiende mikono mitupu. Mweleze kwamba kijana ameumia kichwa, haruhusiwi kupigana, na wewe huwezi kutia sahihi. Kisha mpe kitu kingine. Anachokitaka kwa kweli, kwa ninavyosoma, ni Mombasa dhidi ya Dar, na jina lake bangoni. Hilo anaweza kulipata. Tafuta Likoni, tafuta Changamwe, tafuta Mshomoroni, mpiganaji wa kilo 67 aliye mzima ambaye kila siku anapewa mapambano ya utangulizi kwa sababu kijana wako amelichukua jukwaa lote. Wapo. Mgeni apewe mtu wa kiasi chake, na pambano litakuwa zuri zaidi, kwa sababu watu hawalipi kuona mtu mzito akimwangusha mwepesi katika dakika ya kwanza. Wanalipa kuona wawili wasiojua nani atashinda. Hiyo ndiyo kazi ya promota inayohitaji akili kuliko zote, kupatanisha, nayo ndiyo inayowarudisha watazamaji mara ya pili.

Akikataa, mwache aende. Naomba uisome tena hesabu yako ujue kwa nini siogopi kukwambia hivyo. Matumizi yako ni Sh400,000. Watu 600 wakija na tajiri akalipa yote, unapata Sh480,000, unabaki na Sh80,000. Vizuri. Lakini tuseme wakija 350, kama inavyotokea mvua ikinyesha au kukiwa na mechi kubwa ya Uingereza kwenye runinga. Tiketi zinaleta Sh105,000, na pamoja na tajiri unabaki na Sh5,000 tu kwa jasho la miezi. Sasa tuseme watu ni hao 350 na tajiri asilipe ile nusu ya pili, labda kwa sababu pambano halikumfurahisha. Una Sh255,000 dhidi ya Sh400,000. Upungufu ni Sh145,000. Tazama sasa malipo ya wapiganaji: Sh160,000. Mwenye ukumbi hukudai kabla hajafungua mlango, mwenye lori hakupakii bila chake, redio hulipwa mapema. Anayebaki kulipwa mwisho ni yule aliyepigwa. Kwa mpango ulioniandikia, upungufu wote utawaangukia wapiganaji, na hakuna mtu aliyepanga hivyo kwa ubaya. Ndivyo hesabu ilivyojipanga yenyewe.

Hili ndilo lililowamaliza wakubwa. Ukumbi wa Nagoya, tarehe 31 Desemba 2003, K-1, shindano kubwa la kikiboksi la Japani, iliwapambanisha Bob Sapp na Akebono, bingwa wa zamani wa sumo, na kwa dakika kadhaa watu wengi zaidi walitazama pambano hilo kuliko tamasha la nyimbo la mkesha wa mwaka mpya la NHK, runinga ya taifa ya huko, ambalo hutazamwa na mamilioni ya Wajapani. K-1 ilianzishwa na Kazuyoshi Ishii, mwalimu wa karate, mwaka 1993, na usiku wa kwanza Branko Cikatić wa Korasia aliwashinda watatu mfululizo akawa bingwa. Ishii mwenyewe baadaye alihukumiwa kifungo kwa kukwepa kodi. Kampuni iliyoiendesha K-1 baada yake iliishiwa, wapiganaji wenye majina makubwa wakalalamika hadharani kwamba hawajalipwa, na mwaka 2012 ikafilisika. Watazamaji waliujaza ule ukumbi, runinga ilikuwepo, mabingwa walikuwepo. Lakini mpiganaji asiyelipwa huwaambia wenzake, na wenzake hawaji.

Kwa hiyo geuza mpangilio wako. Pesa za wapiganaji ziwe zimekusanywa kabla ya siku ya mizani, ziwe mikononi mwa mtu wa tatu anayeaminika na pande zote, na zilipwe usiku ule ule, kwa M-Pesa, kabla ulingo haujafunguliwa skrubu. Usipoweza kuzikusanya, punguza mapambano. Mapambano matano mazuri yanatosha usiku mmoja. Watu wa Mombasa wana feri na matatu za kuwahi, hawatakulaumu kwa kumaliza mapema. Shilingi usiyoipunguza ni ya daktari na ambulensi. Ambulensi ikiondoka na mtu, mapambano yasimame mpaka nyingine ije. Liandike hilo kwenye mkataba na refa, usilifanye jambo la huruma.

Na karatasi zako ziwe sawa. Barua ya polisi, kibali cha kaunti, leseni ya muziki utakaopigwa, na kushirikiana na chama cha mchezo kilichosajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Najua mzunguko wa ofisi unachosha. Lakini siku mtu akiumia, ukiwa huna karatasi utabaki peke yako.

Umeniuliza kama kazi ina mbele. Ina mbele kwa mtu anayekubali kwenda polepole. Dau la mnyonge haliendi joshi, na wewe kwa sasa ni mnyonge, basi usijifunge tanga la tajiri. Friji usiziache. Mke wako ana haki kabisa ya kuuliza nyumba iko wapi, nawe mpe jibu analoweza kulishika: pesa za nyumbani na pesa za mapambano ziwe kwenye laini mbili tofauti, na ya nyumbani isiguswe kulipia bango. Panga shoo zako Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia. Mwezi wa Ramadhani usiandae kitu. Msimu wa masika usiende mahali pasipo na paa. Anza pia na mapambano ya ridhaa gym kwako, mchana, kwa kiingilio kidogo, wazazi wakiwepo. Hapo ndipo utakapowapata wapiganaji wengine watatu wanne wa kujaza ukumbi.

Hao watatu wanne nawataja kwa makusudi. Aliyeuanzisha mchezo huu kwa jina la kikiboksi alikuwa promota, Osamu Noguchi, mtu wa ndondi wa Japani, katika miaka ya 1960. Alimpata nyota mmoja, Tadashi Sawamura, na runinga za Japani zikampenda kupita kiasi. Sawamura alipostaafu katika miaka ya 1970, mchezo ukafifia kwenye runinga, kwa sababu umma ulikuwa umezoeshwa uso mmoja. Wewe umejenga kila kitu juu ya kijana mmoja wa miaka 22. Hata asingeumia Nairobi, angeumia siku nyingine, au angepata kazi Qatar akaondoka. Usimbebeshe biashara nzima mabegani.

Nimebakisha kodi ya nyumba yake, kwa sababu ukimtoa ulingoni bila kuigusa, wiki ijayo atapigana Mtwapa au Malindi kwa promota asiyeuliza chochote. Mpe kazi ya malipo katika shoo hii: asimamie mauzo ya tiketi tangu leo, apate sehemu kwa kila tiketi anayouza. Jina lake linauza, basi liuze likiwa limekaa mezani. Usiku wa shoo mwite ulingoni akiwa na shati na suruali, umtangaze kwamba anarudi daktari akimruhusu, bila kutaja tarehe. Mwenye nyumba wake nenda mkamwone pamoja, muombe kulipa kwa awamu. Wenye nyumba wa Kisauni wengi husikiliza akija mtu mzima mwenye kauli.

Kabla ya tajiri, kabla ya mwenye nyumba, nenda kwa mamake. Nenda na kijana, leo jioni. Mwambie mbele yake kwamba hapigani, mwambie tarehe ya daktari, na umwombe akuandikie kila siku kichwa kimeumaje na amelala saa ngapi. Karatasi hiyo ibebe kwa daktari. Yeye ndiye anayemwona usiku.